Miaka 70 ya Ella na Cole Porter: wimbo uliofungiwa na santuri iliyoufungulia

Santuri mbili zilizouzwa pamoja kwa jina la Ella Fitzgerald Sings the Cole Porter Song Book zinatimiza miaka 70 mwaka 2026. Zilirekodiwa Hollywood kati ya Februari na Machi 1956, zikabeba nyimbo 32 za mtunzi mmoja, na ndizo zilizoifungulia njia kampuni changa ya Verve. Anayetaka kuzijua nyimbo za Cole Porter kupitia waimbaji wa jazi huelekezwa kwenye kazi hiyo kabla ya nyingine yoyote. Ushauri huo ni mzuri, ila umewafanya wengi wadhani kwamba historia ilianza siku Ella alipoingia studio. Kabla yake kulikuwa na robo karne ya ugomvi kuhusu nani aziimbe nyimbo hizo, aziimbe wapi, na maneno gani yaachwe.

Porter alizaliwa tarehe 9 Juni 1891 katika mji mdogo wa Peru, jimboni Indiana. Babu yake mzaa mama, J. O. Cole, alikuwa miongoni mwa watu tajiri zaidi wa jimbo hilo, kwa hiyo mjukuu hakuwahi kutunga wimbo ili apate mkate. Alisoma Yale, akajaribu sheria Harvard, akaiacha. Miaka ya 1920 aliimalizia Paris na Venice katika karamu ambazo waandishi wa maisha yake hawachoki kuzieleza. William McBrien, aliyetoa wasifu wake mkubwa mwaka 1998, amezipa kurasa nyingi, na kila anayemfuata hujikuta akihesabu wageni wa karamu badala ya nyimbo. La msingi ni kwamba Porter alitunga maneno na muziki pia, jambo ambalo katika kizazi chake wachache waliliweza; mwenzake mkubwa katika hilo alikuwa Irving Berlin.

Nyimbo zake ziliandikwa kwa ajili ya jukwaa la Broadway na baadaye filamu. Let's Do It ilitoka 1928, What Is This Thing Called Love? ikafuata 1929, Night and Day 1932, I Get a Kick Out of You 1934. Kila moja ilikuwa na mhusika wake katika mchezo, na kabla ya kiitikio ilikuwa na utangulizi mfupi unaoeleza kwa nini mhusika huyo anaanza kuimba. Utangulizi wa Night and Day unang'ang'ania noti moja zaidi ya mara 30 kabla haujasogea. Imesimuliwa mara nyingi kwamba wazo hilo Porter alilipata Morocco, aliposikia sauti za ibada ya Waislamu. Hadithi ni tamu, na huenda ina ukweli. Lakini mtunzi huyu alipenda kuwapa waandishi wa habari hadithi, na wimbo huohuo una simulizi nyingine ya maji yanayodondoka.

Wimbo uliozua zogo kuliko yote ni Love for Sale. Ulikuwa sehemu ya The New Yorkers, mchezo wa nyimbo uliofunguliwa Broadway tarehe 8 Desemba 1930, wakati Marekani ikiwa bado chini ya marufuku ya pombe na uchumi wake ukiporomoka. Mchezo wenyewe ulikuwa wa kejeli, umejaa majambazi na wauza pombe ya magendo. Katikati ya vicheko hivyo, mwanamke anayejiuza alisimama mtaani usiku na kutangaza biashara yake kama mchuuzi anavyotangaza bidhaa, bila machozi na bila kuomba radhi. Aliyeimba alikuwa Kathryn Crawford, mwigizaji mzungu, akiwa na wasichana watatu wa kumwitikia, na nyuma yake ilichorwa sura ya mgahawa maarufu wa New York.

Wahakiki walikasirika. Mmoja wao, wa gazeti la New York World, aliuona wimbo huo kuwa umevuka mipaka yote ya adabu. Vituo vya redio navyo vikaupiga marufuku, lakini kwa namna ya ajabu: maneno yalikatazwa, muziki ukaachwa. Bendi ziliweza kuupiga wimbo hewani usiku kucha mradi pasitokee mtu wa kufungua kinywa. Msomaji wa Tanzania, aliyezoea kusikia kwamba Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) limefungia wimbo fulani, hatauona uamuzi wenyewe kuwa mgeni. Kigeni ni kile waandaaji wa The New Yorkers walichokifanya baada ya hapo.

Hawakubadili neno. Walibadili rangi ya mwimbaji. Crawford aliondolewa, na mahali pake akaletwa Elisabeth Welch, mwimbaji mweusi wa New York aliyekuwa akiimba kwenye kilabu za usiku. Mchoro wa mgahawa nao ukashushwa, ukapandishwa wa Cotton Club ya Harlem, ukumbi ambao wanamuziki wake walikuwa weusi na wateja wake wazungu. Zogo la wahakiki likatulia. Maneno yaleyale yaliyokuwa matusi kinywani mwa mwanamke mzungu wa katikati ya jiji yalionekana ya kawaida kabisa kinywani mwa mwanamke mweusi wa Harlem. Vitabu vingi husimulia kisa hiki kama kichekesho cha ukumbi wa maonyesho. Hakichekeshi. Kinaeleza waziwazi jamii ile ilivyomtazama mwanamke mweusi, na kinaeleza pia kwa nini historia ya wimbo huu ikaja kuwa mikononi mwa waimbaji weusi.

Porter mwenyewe alinukuliwa akishangaa kwamba mtu anaweza kuandika riwaya juu ya kahaba, au kumchora, na akasifiwa, lakini akimtungia wimbo anaandamwa. Malalamiko hayo yalikuwa ya haki, ingawa hakuna dalili kwamba alipinga kubadilishwa kwa mwimbaji. Alichokifanya ni kumkumbuka Welch. Mwaka 1933 alipoandaa mchezo wa Nymph Errant jijini London, alimwita Welch na kumpa wimbo uitwao Solomon, ambao ulirekodiwa hukohuko. Welch akabaki Uingereza. Aliimba huko kwa zaidi ya miaka 50, akaonekana katika filamu ya The Tempest ya Derek Jarman mwaka 1979, akafa London mwezi Julai 2003 akiwa na umri wa miaka 99. Marekani ilimjua kidogo mno. Mwimbaji aliyeifanya Love for Sale ivumilike jukwaani hutajwa kwa nusu sentensi, na makala nyingi humtaja Crawford pekee.

Wakati wimbo huo ukiwa umefungwa midomo redioni, santuri zake ziliendelea kuuzwa. Libby Holman na bendi ya Fred Waring waliutoa mwaka 1931, na wanunuzi wakaukimbilia, kwa kuwa nyumbani kwa mtu hakuna mdhibiti. Maneno mengine ya Porter yalilainishwa kimyakimya. I Get a Kick Out of You ina sehemu inayotaja kokeini. Kwenye filamu na redio dawa hiyo iligeuzwa kuwa marashi ya Hispania. Anayechagua rekodi ya wimbo huo leo anaweza kusikiliza kipande hicho tu na akajua mwimbaji aliambiwa nini na wakubwa zake.

Waimbaji wa jazi walianza kuzichukua nyimbo hizi katikati ya miaka ya 1930, na hawakuzichukua kwa heshima. Kazi yao ilikuwa kujaza santuri za dakika tatu kwa ajili ya mashine za muziki za baa, na wimbo mpya wa filamu ulikuwa malighafi. Mfano bora ni Easy to Love. Porter aliuandika kwa ajili ya Anything Goes ya 1934, lakini William Gaxton, mwigizaji mkuu, alishindwa kufikia noti zake kwa kuwa unapanda na kushuka sana, ukaondolewa. Miaka miwili baadaye ukaingizwa kwenye filamu ya Born to Dance, akaimba James Stewart, ambaye sifa zake zote hazijumuishi sauti. Oktoba 1936, kabla filamu haijaonyeshwa, Billie Holiday aliurekodi akiwa na kundi la mpiga piano Teddy Wilson. Holiday hakuhangaika na milima na mabonde ya Porter. Aliubana wimbo wote katika eneo dogo la sauti, akawa anachelewa kidogo nyuma ya mdundo, kama mtu anayezungumza na jirani dirishani. Wasomi wa muziki wa jukwaani wanaweza kusema hakuimba kilichoandikwa, na ni kweli. Aliyoyaimba yamedumu kuliko ya Stewart.

Begin the Beguine ilipata bahati ya namna nyingine. Ilitoka katika mchezo wa Jubilee mwaka 1935, ikapita bila kishindo. Nyimbo nyingi za wakati ule zilikaa ndani ya vipimo 32. Huu una 108, na Alec Wilder, ambaye kitabu chake cha 1972 juu ya utunzi wa nyimbo za Marekani bado kinategemewa na wengi, hakuficha kwamba ulimchosha kabla ya kufika mwisho. Mwaka 1938 mpiga klarineti Artie Shaw aliupiga bila mwimbaji, kwenye upande wa pili wa santuri, na ukamfanya kuwa nyota wa taifa. Tangu hapo waimbaji wamekuwa wakiufukuzia bila kumfikia mpiga klarineti.

Oktoba 1937 farasi alimwangukia Porter huko Long Island na kumvunja miguu yote miwili. Alifanyiwa upasuaji zaidi ya mara 30. Aliendelea kutunga kwa maumivu, na Kiss Me, Kate ya 1948 ikawa mchezo wa nyimbo wa kwanza kupata tuzo ya Tony ya mchezo bora wa aina hiyo. Mguu wa kulia ulikatwa mwaka 1958, na baada ya hapo hakutunga tena hadi alipofariki Oktoba 1964.

Mtu aliyeubadili mkondo wa nyimbo za Porter katika jazi alikuwa Norman Granz, mwenye kampuni ya Verve. Tangu 1944 aliandaa maonyesho ya jazi yaliyojulikana kama Jazz at the Philharmonic, na alijulikana kwa ukaidi wake: ukumbi uliotaka kuwatenga watazamaji weusi na weupe haukupata onyesho lake. Ella Fitzgerald aliimba katika maonyesho hayo, na Granz akawa meneja wake, lakini kwa upande wa santuri Ella alikuwa mali ya Decca, kampuni iliyompa nyimbo nzuri na za ovyo kwa zamu. Umaarufu wake wa mwanzo ulitokana na A-Tisket, A-Tasket ya 1938, wimbo wa mchezo wa watoto, na wengi walimjua kwa ustadi wa kuimba silabi zisizo na maana kwa kasi ya saksafoni. Ella alikuwa anakaribia miaka 40 na hakuna aliyempa kitabu kizima cha nyimbo za watu wazima.

Nafasi ilipatikana kwa biashara ya kubadilishana. Mwaka 1955 Decca ilitaka kutoa santuri ya muziki wa filamu kuhusu maisha ya Benny Goodman, ikagundua kwamba baadhi ya wanamuziki waliomo walikuwa na mkataba na Granz. Bila ruhusa yake santuri isingetoka. Granz alitaja bei yake: ruhusa kwa Ella. Decca ikamwachia kabla mkataba haujaisha. Bila msuguano huo wa makaratasi, ambao haukuwa na uhusiano wowote na Porter, huenda kazi ya 1956 isingekuwapo.

Kazi ya kupanga muziki alipewa Buddy Bregman, kijana wa miaka 25. Mipango yake inatofautiana ubora. Pale bendi kubwa inaposhika mwendo, kuna nyakati tarumbeta zinazidi kelele kuliko zinavyosaidia. Pale vinanda vya nyuzi vinapotulia, mambo hunyooka. Uamuzi mkubwa ulikuwa kurudisha utangulizi ambao waimbaji wa jazi walikuwa wamezoea kuutupa, na kumwacha Ella aimbe maneno kama yalivyo, kila silabi mahali pake. Love for Sale inachukua karibu dakika sita. Miss Otis Regrets haina bendi kabisa: ni Ella na piano ya Paul Smith, na habari nzito ya mwanamke aliyeua na kuuawa inatolewa kwa sauti ya adabu ya mtumishi anayewaomba wageni radhi. Katika Ev'ry Time We Say Goodbye, maneno yanapotaja muziki unaobadilika kutoka furaha kwenda huzuni, muziki wenyewe unabadilika hivyohivyo, na Ella anapita hapo bila kumkonyeza msikilizaji. Waimbaji wengi hukonyeza.

Granz alisimulia kwamba alimpelekea Porter santuri hizo katika makazi yake hotelini Waldorf, New York. Mzee akazisikiliza zote, kisha akasifu jinsi binti huyo anavyotamka maneno vizuri. Wapo wanaoiona sifa hiyo kuwa ya kejeli, kana kwamba hakupata kingine cha kusema. Kwa mtunzi ambaye nyimbo zake zilikuwa zimefungiwa, zimekatwa na kulainishwa kwa sababu ya maneno, haikuwa sifa ndogo. Ella baadaye aliitaja kazi hiyo kuwa ndiyo iliyoyageuza maisha yake, na Granz akaendelea naye kwa watunzi wengine: Rodgers na Hart mwaka huohuo, kisha Ellington, Berlin, Gershwin, Arlen, Kern, hadi Johnny Mercer mwaka 1964.

Kasoro ipo, na wapenzi wake huikwepa. Ella huimba kila kitu kwa usafi uleule, hata uchafu. Katika Love for Sale sauti yake ni nzuri mno kiasi kwamba mtu husahau bidhaa inayouzwa. Hapo ndipo rekodi ya Billie Holiday ya 1952 inapomshinda. Holiday aliimba akisindikizwa na Oscar Peterson kwenye piano, sauti ikiwa imeanza kukwaruza, bila haraka na bila pambo. Mwaka 1929, angali binti mdogo, yeye na mama yake walikuwa wamekamatwa Harlem katika msako wa polisi dhidi ya ukahaba. Si lazima msikilizaji ajue hilo ili asikie tofauti, lakini akilijua, wimbo wa kejeli wa Broadway unabaki na kejeli kidogo sana. Aliyesimamia rekodi hiyo alikuwa Granz yuleyule.

Washindani wengine wa enzi hiyo wana haki zao. Chini ya mwezi mmoja kabla ya Ella kuanza, tarehe 12 Januari 1956, Frank Sinatra alirekodi I've Got You Under My Skin kwa mpango wa Nelson Riddle, muziki ukipanda taratibu hadi tromboni ya Milt Bernhart inapolipuka katikati. Wimbo ulirudiwa zaidi ya mara 20 usiku huo. Porter, inasimuliwa, aliwahi kumtumia Sinatra simu ya maandishi akimuuliza kwa nini aziimbe nyimbo zake kama hapendi zilivyoandikwa, kwa kuwa Sinatra alizoea kuchomeka maneno yake. Katika rekodi hii hata Porter angesamehe. Helen Merrill, akiwa na mpiga tarumbeta Clifford Brown na mpangaji kijana Quincy Jones, aliimba You'd Be So Nice to Come Home To mwezi Desemba 1954, na hakuna aliyeuimba vizuri zaidi tangu hapo. Anita O'Day alitoa santuri nzima ya Porter mwaka 1959 akiwa na Billy May. Ina mbio na uchangamfu, ila maneno yanakanyagwa. Ray Charles na Betty Carter waliigawana Ev'ry Time We Say Goodbye mwaka 1961, na kwaya iliyowekwa nyuma yao inawazuia kidogo tu.

Miongo iliyofuata ilikuwa ya kurudia. Mwaka 1982, katika ghala la Warner Brothers huko Secaucus, New Jersey, yaligunduliwa makasha yenye miswada ya muziki wa Porter, Gershwin, Kern na wengine, ikiwa imelala humo kwa miaka bila mwenye kuiulizia. Mwaka 1990 nyimbo zake ziliimbwa na wasanii wa pop kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI katika albamu ya Red Hot + Blue, ambamo Salif Keita wa Mali aliipa Begin the Beguine mwendo wa kwao, labda tafsiri pekee isiyomwogopa Artie Shaw. Diana Krall akaipunguza kasi I've Got You Under My Skin mwaka 1999. Maktaba ya Bunge la Marekani iliziingiza santuri za Ella kwenye hifadhi ya taifa ya sauti mwaka 2003. Mwaka 2021 Tony Bennett, akiwa na miaka 95, alitoa Love for Sale na Lady Gaga. Ilikuwa albamu yake ya mwisho ya studio, na jina lililofungiwa redioni miaka 90 kabla likapata tuzo ya Grammy.

Leo nyimbo hizi husikilizwa mojamoja kwenye simu, bila jalada, bila jina la mpangaji wala la mpiga piano, na mara nyingi toleo linalochezwa kwanza ni lile lililochaguliwa na mashine. Anayeanza na afanye hivi: azisikilize santuri za 1956 kwa mpangilio wake, nyimbo zote 32, kisha achukue Love for Sale ya Holiday ya 1952 na You'd Be So Nice to Come Home To ya Merrill. Sinatra anaweza kungoja. Na wanaoandika majalada ya matoleo mapya ya maadhimisho haya waandike pia jina la Elisabeth Welch.